Vidonge 147 ndani ya kopo

Nilikuwa natafuta kiberiti.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Julai, nyumbani Tukuyu, baridi ile ambayo ukitoa mkono ndani ya khanga unajuta. Mama alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nami nikataka akirudi akute moto umeshawaka. Kwenye rafu ya jikoni kuna makopo matatu: la chumvi, la majani ya chai, na jingine la majani ya chai ambalo mfuniko wake umeliwa na kutu. Nikafungua hilo la kutu.

Kiberiti hakikuwemo. Mlikuwa na vidonge.

Vingine vilikuwa bado kwenye karatasi zake za kung'aa, vingine vimekatwa kimoja kimoja kwa mkasi na kufungwa kwa mpira wa nywele. Mimi ni mhasibu, sikuweza kuviacha hivihivi. Nikavimwaga kwenye ungo nikahesabu. Vile vyeupe vidogo vya presha, 89. Vile vya kukojoza, 58. Jumla 147.

Nikasikia kandambili zake uani. Nikavirudisha koponi, nikafunga, nikachukua kaa la moto kwa jirani.

Siku ile sikusema kitu.

## Kuchimba dawa

Mama anatumia dawa za presha mwaka wa tisa sasa. Hela ya dawa natuma mimi. Kila Jumapili jioni namuuliza kwa simu, "Mama, dawa unakunywa?" Na kila Jumapili ananijibu, "Nakunywa, mwanangu."

Wiki tatu nilitembea na ile 147 kichwani. Nilikuwa na hasira, nakiri, na ilikuwa hasira ya mtu anayelipa, ambayo ni mbaya kuliko nyingine kwa sababu inajiona ina haki.

Alipokuja Mbeya kwangu, na mkungu wake wa ndizi na mfuko wa parachichi kama kawaida, nilisubiri mpaka tukaanza kumenya. Kumenya ndizi kuna faida yake: macho yote yako kwenye kisu.

"Mama, nililiona lile kopo."

Hakushtuka. Alimalizia ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye maji.

"Ulivihesabu?"

"Mia moja arobaini na saba."

"Mimi nilijua mia na thelathini."

Halafu akanieleza, taratibu, kama mtu anayesoma taarifa ya mweka hazina. Siku za soko hanywi. Siku ya msiba hanywi. Siku ya kusafiri ndiyo kabisa. "Ukinywa dawa lazima ukachimbe dawa," alisema. "Dereva gani atanisimamishia Coaster mara tatu kati ya Tukuyu na Uyole? Na akisimama, nichuchumae wapi, mwanamke wa miaka sabini na moja, kwenye mashamba ya chai ya watu?"

Na miguu. Ile nyeupe inamvimbisha miguu, mpaka viatu vya kwaya havimwingii. Basi wiki ya kuimba anapumzika.

Na siku nyingine kichwa kimetulia tu, hana kizunguzungu, hana chochote. "Nimeze dawa ya nini wakati siumwi?"

Kwa hiyo hakuwa amenidanganya. Alisema "nakunywa". Maneno "kila siku" niliyaongeza mwenyewe.

Kisha akaniuliza lililonikosesha usingizi kuliko kopo lenyewe.

"Nikuulize wewe uliyesoma. Miaka yote hii. Hizi dawa zimeniongezea siku ngapi?"

## Siku moja kwa mwezi

Daktari huwa anasema "zitakusaidia uishi maisha marefu". Mama hakuuliza hivyo. Aliuliza ngapi. Ndiye aliyenizaa, na ile tabia ya kutaka salio sikuiokota njiani.

Nikaanza kusoma usiku, watoto wakishalala. Nilidhani nitakuta maneno ya jumla tu. Nikakuta jibu, tena la namba.

Mwaka 1991 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti unaojulikana kwa kifupi kama SHEP. Watu 4,736, wote wa miaka 60 na kuendelea, wote wenye presha ya aina ya mama: ya juu inaanzia 160, ya chini haifiki 90. Mama siku mbaya husoma 178 kwa 84. Nusu yao walipewa dawa ya kukojoza iitwayo chlorthalidone, wengine wakiongezewa nyingine ilipobidi. Nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Ikaendelea hivyo kama miaka minne na nusu. Viharusi vikapungua kwa asilimia 36 kwa waliopata dawa.

Lakini hilo silo lililonishika. Watafiti walirudi baadaye kuhesabu nani bado yuko hai, wakafuatilia hadi miaka 22, wakachapisha mwaka 2011. Waliokuwa upande wa dawa walikuwa wameishi, kwa wastani, siku 105 zaidi ya wenzao. Hata hizo 105 hazikusimama imara kitakwimu. Walipotazama vifo vya moyo na mishipa peke yake wakapata siku 158, na hizo zilisimama. Wakafupisha yote kwa sentensi moja: kila mwezi wa dawa ni takribani siku moja ya kuishi.

Nikapiga hesabu zangu. Miezi 54, siku 105, inakaribia mbili kwa mwezi. Hizo 158 zinakaribia tatu. Wao wakaandika moja. Mhasibu mwoga ndivyo anavyoandika, na mimi wahasibu waoga nawaamini.

Siku moja kwa mwezi.

Yaani vidonge thelathini vya kila aina, safari za chooni usiku wa baridi, viatu visivyoingia, hela ya dawa, foleni ya kliniki tangu saa moja asubuhi. Mwisho wa mwezi unapewa Jumanne moja.

Sikumwambia. Alipopiga simu Jumapili nilimuuliza habari za mvua.

## Kesho

Kilichonisumbua ni kwamba namba ile haikufanana na nilichokiona kwa macho yangu Kiwira.

Baba mdogo alianguka akifunga ng'ombe. Alikuwa na miaka 65, presha anaijua na dawa alishawahi kupewa, akaziacha kwa sababu alijisikia mzima. Upande wa kulia ukafa. Maneno yote yakapotea isipokuwa moja, na sijui kwa nini lilibaki hilo: "kesho". Ukimuuliza amekula, anasema kesho. Ukimuuliza panauma wapi, kesho. Alipolia kwenye msiba wa dada yake alikuwa analia "kesho, kesho", mpaka watu waliotoka mbali wakadhani anataka mazishi yasogezwe.

Mama mdogo alimgeuza kitandani kwa shuka, kila usiku mara mbili. Shuka ilikunjwa kwa namna yake, pindo moja chini ya bega, jingine chini ya nyonga, kisha anavuta akiwa amepiga goti ukutani. Kwenye kiganja cha kulia alimwekea soksi iliyoviringishwa ili kucha zisiingie kwenye nyama. Miaka sita.

Baba mdogo alifariki ana miaka 71. Umri huohuo alio nao mama leo.

Sasa mweke kwenye jedwali. Anayehesabu muda wa kuishi ataona mzee aliyefika 71, atamwandika, atapita. Ile miaka sita imehesabiwa kama miaka, sawasawa na ile ya kufunga ng'ombe. Soksi kiganjani haina safu yake. Mama mdogo naye hayumo; yeye aliugua mgongo, siyo presha.

Mama aliuliza siku ngapi, nami nikakimbilia kuzihesabu kwenye ncha ya mwisho ya maisha, kana kwamba dawa ni mtu anayekuja siku ya kufa na kusema ngoja kidogo. Kazi kubwa ya dawa hizi inafanyika katikati, siku ambazo hakuna kilichotokea.

Nilirudi kwenye utafiti nikasoma tena, safari hii polepole. Nikaona nilichokuwa nimekiruka kwa haraka ya kutafuta namba: baada ya ile miaka minne na nusu, hata waliokuwa wanameza vidonge vitupu walishauriwa waanze dawa. Kwa hiyo zile siku 105 hazikuwa tofauti kati ya mtu aliyetumia dawa na mtu ambaye hakutumia kabisa. Ni tofauti kati ya aliyewahi na aliyechelewa.

Hapo nikapumua.

## Punje mia za maharage

Mwisho wa Julai nilipanda kwenda Tukuyu na nikamwambia yote, pamoja na ile siku moja. Nilichoka kuwa mtu wa kumficha mama yake namba.

Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamwomba ahesabu punje mia, akahesabu.

"Hawa ni watu mia kama wewe. Wasipotumia dawa, ndani ya miaka mitano wanane watapata kiharusi." Nikatenga nane. Kwenye ule utafiti ilikuwa 8.2 kwa kila mia. Sehemu ya kumi ya punje sikuweza kuipata. "Wakitumia, watano." Nikarudisha tatu kwenye lile fungu kubwa.

Akaangalia ungo muda mrefu.

"Kwa hiyo hawa wote," akapitisha mkono juu ya zile tisini na mbili, "wanameza bure?"

"Kwa kiharusi cha miaka hiyo mitano, ndiyo. Wasingepata hata hivyo."

"Na hawa watano wamemeza na wameanguka."

"Ndiyo."

"Na hawa watatu waliorudi. Wanajijua?"

"Hawajijui. Hakuna anayejua."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani. "Hiki ni kikoba," akasema.

Kwenye kikoba chao kila Alhamisi anatoa elfu moja ya mfuko wa jamii, mbali na hisa. Mwaka wa saba. Hajalazwa, hajaunguliwa nyumba, hajawahi kugusa hata shilingi ya mfuko ule. Mwenzake wa bondeni alijiunga mwezi wa pili, mwezi wa tatu jiko likaungua, akachukua laki tatu. "Nimeibiwa mimi?"

Nilitaka kumkumbatia. Wiki nzima nilikuwa natafuta namna ya kumweleza wastani ni nini, na kwamba siku moja kwa mwezi haiji kwa kila mtu siku moja. Wengi hawapati chochote, wachache wanapata miaka, ukichanganya na kugawa ndipo inatoka ile moja. Yeye alikuwa anaijua tangu zamani, kila Alhamisi.

Halafu akaongeza, akiwa ameshika punje moja:

"Ila mfuko wa jamii haunivimbishi miguu."

Hapo sikuwa na jibu. Alikuwa sahihi.

## Mashine ya Kabwe

Kuna jambo sijasema mpaka hapa, na nimelizungukazunguka vya kutosha.

Mwezi Machi walikuwepo vijana wanapima afya bure pale Kabwe, hapa Mbeya mjini. Nilikuwa natoka sokoni, nikaketi ili nipumzishe mikono. Yule kijana alipima, akaniangalia, akapima tena. 156 kwa 98. Akasema kwa heshima kabisa, "Mama, kipimo cha siku moja hakitoshi, rudi upimwe tena siku mbili tofauti, umetulia." Nikamshukuru. Nikajiambia mashine zao mbovu, na kwamba nilikuwa nimebeba viazi.

Sikurudi. Aprili, Mei, Juni, Jumapili zote hizo nikimuuliza mama kama anakunywa dawa.

Nina miaka 43. Katika kusoma kwangu usiku nikakutana na uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 61 na watu wazima wapatao milioni moja. Walikuta kwamba kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115 ya juu, kila ikipanda 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa moyo inaongezeka mara mbili. Mia na kumi na tano, mia na thelathini na tano, mia na hamsini na tano. Mara mbili, mara nne. Hata bila kikokotoo.

Ile sentensi niliyokuwa namsikia mama akisema, "siumwi", nilikuwa naisema pia, kwa Kiswahili cha ofisini.

Nadhani kinachotuogopesha siyo kidonge. Ni lile neno "mpaka lini" na jibu lake. Malaria unameza siku tatu unamaliza, unarudi kuwa wewe. Ukianza hizi umekubali kuwa mtu mwingine, mwenye kadi ya kliniki. Huku kwetu husemwa ukianza dawa za presha umejifunga, kana kwamba ni dawa inayokufunga na siyo presha.

Rais Roosevelt wa Marekani alikuwa na madaktari wa kila aina, lakini dawa ya maana ya presha haikuwepo. Siku aliyofariki, tarehe 12 Aprili 1945, alilalamika kichwa kinamuuma sana, akazimia; daktari wake alipima 300 kwa 190. Nilipomsimulia mama alisema, "Maskini, na alikuwa na gari lake mwenyewe la kusimamisha anapotaka."

## Miguu

Tulikwenda kliniki pamoja mwezi wa nane. Nilimwambia abebe kopo. Alikataa, akalifunga kwenye khanga, akalibeba.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Alimwamkia mama shikamoo, akalipokea kopo kwa mikono miwili, hakufoka. Nimeshuhudia watu wakifokewa kwa chini ya hapo, mahali pengine, na nikajua kwa nini wagonjwa hujibu "nakunywa". Aliuliza swali moja ambalo mimi, pamoja na hesabu zangu zote, sikuliuliza:

"Bibi, siku ya safari unaacha ipi?"

"Zote mbili."

"Kwa nini zote?"

"Si zinakwenda pamoja?"

Ile nyeupe, amlodipine, haikojozi. Inalegeza mishipa, tena inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Inayompeleka porini ni ile nyingine. Mama alikuwa anawaadhibu wote wawili kwa kosa la mmoja. Ile ya kukojoza, daktari akasema, siku ya safari ameze akishafika. Basi.

Na miguu ina maelezo yake. Amlodipine hulegeza mishipa inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, kwa hiyo maji huvujia chini, kwenye vifundo. Dozi ikiwa kubwa, uvimbe nao ni mkubwa. Akampunguzia kutoka miligramu 10 hadi 5, akamwongezea losartan, ambayo husaidia na upande ule wa kurudisha. Miaka ya nyuma kabisa mama aliwahi kupewa captopril ikamkohoza mpaka ikabadilishwa. Njiani kurudi nikamweleza kwamba captopril ilitengenezwa kwa kufuata kemikali iliyokutwa kwenye sumu ya nyoka wa Brazili anayeitwa jararaca.

"Ndiyo maana nilikuwa nakohoa," akasema, na suala likaisha.

Nilipokuwa pale nami nikakaa kwenye kiti. 152 kwa 96. Wiki iliyofuata, 154. Nimeanza.

Wapo watakaoniuliza kama kwa umri wa mama bado kuna maana. Mwaka 2008 ulitoka utafiti uitwao HYVET, watu 3,845, wote wa miaka 80 na kuendelea. Ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanafariki wachache zaidi, pungufu kwa asilimia 21. Mama ana miaka tisa mbele yake kabla hajafika hata mlangoni mwa utafiti ule.

Jumapili iliyopita alipiga simu yeye. Alikuwa amefanya hesabu.

"Wewe si ulisema mwezi mmoja siku moja?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Na zile nyeupe nilizoacha zilikuwa themanini na tisa."

"Ndiyo."

"Hiyo ni miezi mitatu. Siku tatu." Akanyamaza kidogo. Nilisikia redio yake, na mvua juu ya bati. "Mwanangu, miaka tisa sijachuchumaa kwenye chai ya watu hata mara moja. Siku tatu siyo bei mbaya."

Nikaanza kumweleza kwamba haifanyi kazi hivyo, kwamba wastani, kwamba punje. Akanikatiza.

"Na wewe ulianza lini?"

"Mwezi wa nane, mwishoni."

"Kwa hiyo una siku moja."

"Moja na kidogo."

"Hiyo unakwenda ziwani Matema na kurudi," alisema. "Ukiwahi gari la asubuhi."